Kingamwili Zikishuka, Je, Kinga Imekwisha? Maisha marefu ya chanjo za virusi vilivyouawa katika mwili wa mtu mzima

Tangu chanjo za UVIKO-19 zianze kutolewa, kila panapozungumzwa habari za chanjo huzuka swali lilelile: inadumu kwa muda gani? Swali ni la haki, lakini majibu yanayosikika yanagongana. Mmoja anaambiwa kwamba chanjo ya homa ya ini aina ya A itamkinga kwa miongo kadhaa. Mwingine, aliyechanjwa dhidi ya UVIKO-19 kwa chanjo iliyotengenezwa kwa njia ileile, anatakiwa kurudi kwa dozi nyingine baada ya miezi michache. Wa tatu huchanjwa dhidi ya mafua ya msimu kila mwaka, na wa nne, ambaye alishachanjwa zamani dhidi ya kichaa cha mbwa, anaumwa na mbwa na bado anaambiwa adungwe tena. Chanjo zote hizo zimetokana na virusi vilivyouawa. Si ajabu basi kwamba wengi wamefikia uamuzi kuwa ama wataalamu wanabahatisha, ama chanjo za aina hii ni dhaifu na nguvu zake huyeyuka upesi.

Ukweli ni kwamba muda wa kinga hauko ndani ya kichupa cha chanjo peke yake. Unategemea mambo matatu yanayokwenda pamoja: mwili umehifadhi nini baada ya kuchanjwa, ugonjwa wenyewe unachukua siku ngapi tangu kuingia hadi kudhuru, na kirusi kinabadilika kwa kasi gani. Ukiyatenganisha mambo hayo, majibu yaliyoonekana kugongana yanaanza kueleweka.

Nini hasa kimo ndani ya sindano

Kirusi ni kitu kidogo mno chenye maelekezo ya kujizalisha yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, na hakiwezi kuongezeka mpaka kiingie ndani ya seli ya kiumbe. Chanjo ya virusi vilivyouawa hutengenezwa kwa kukuza virusi kwa wingi maabarani, kisha kuviharibu kwa kemikali kama formalini au beta-propiolaktoni hadi visiweze tena kujizalisha, huku sura yao ya nje ikibaki karibu ileile. Hapo ndipo inapotofautiana na chanjo ya virusi vilivyodhoofishwa, kama ile ya surua, ambayo virusi vyake bado huongezeka mwilini, ila kwa unyonge kiasi cha kutomfanya mtu mwenye kinga ya kawaida augue.

Kuua virusi na kubakiza sura yao ni kazi ya kupima kwa uangalifu. Katika chanjo ya polio ya mtafiti Jonas Salk, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwezi Aprili 1955, virusi viliwekwa ndani ya formalini iliyozimuliwa sana, katika joto linalokaribia la mwili, kwa muda wa takribani siku 12. Ukizidisha kemikali au muda, sura ya kirusi inaharibika na mwili haujifunzi kitu. Ukipunguza, kirusi hai kinaweza kusalia. Hilo la pili lilitokea mwaka huohuo, pale baadhi ya chanjo kutoka maabara ya Cutter, mmoja wa watengenezaji wake, zilipogunduliwa kuwa na virusi hai. Mabaki ya seli yaliyokuwamo kwenye mchanganyiko yaligandamana na virusi na kuvikinga visifikiwe na formalini. Watu wapatao 200 walipooza na 10 wakafa, na tangu hapo taratibu za kuchuja na kupima zikakazwa. Ninaueleza mkasa huu kwa sababu ndio chimbuko la hofu ambayo bado inasikika, kwamba chanjo ya namna hii yaweza kumpa mtu ugonjwa wenyewe. Kirusi kilichouawa sawasawa hakiwezi kuongezeka, na ndiyo maana chanjo hizi kwa kawaida huweza kutolewa hata kwa watu ambao kinga yao imedhoofika, ambao chanjo nyingi za virusi hai haziwafai.

Lakini usalama huo una gharama yake. Kirusi kisichoweza kuingia ndani ya seli na kuongezeka hakiuamshi sana mkono mmoja wa kinga, ule wa seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, zinazoua seli zilizokwisha kuambukizwa. Tena, mwili hukutana na shehena ile mara moja tu, nayo husafishwa na kuisha baada ya muda, tofauti na kirusi hai kinachojiongeza na kuufundisha mwili kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo chanjo nyingi za virusi vilivyouawa huhitaji dozi mbili au tatu, na nyingi huchanganywa na chumvi za alumini ili kuuchokoza zaidi mfumo wa kinga.

Kinachotokea kwapani baada ya sindano ya begani

Saa chache baada ya sindano, seli maalumu zilizo kwenye msuli wa bega humeza vipande vya virusi na kuvibeba hadi kwenye tezi za limfu za kwapani. Ndani ya tezi hizo hupita kwa mamilioni seli B, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu, na kila moja huzaliwa na kipokezi cha umbo lake peke yake. Ni chache sana ambazo umbo lake linaendana na vipande vilivyoletwa. Hizo chache, zikishapata kibali kutoka kwa seli T wasaidizi, huanza kugawanyika kwa kasi, na hapo ndipo mtu anapoweza kuhisi uvimbe mdogo wenye maumivu chini ya kwapa, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa madhara ilhali ni dalili ya kazi kufanyika.

Kazi hiyo ina awamu mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakozaa nusu ya mkanganyiko tunaouzungumzia. Katika awamu ya kwanza, sehemu ya seli B hugeuka haraka kuwa seli za kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazoelea kwenye damu na kukinasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Seli hizi hufanya kazi kwa pupa na hufa ndani ya siku au wiki chache. Awamu ya pili ni ya taratibu zaidi. Ndani ya tezi hujengeka kitu mithili ya karakana, ambamo seli B hubadilisha kidogo kidogo umbo la vipokezi vyao na kushindanishwa: zinazokinasa kirusi vizuri zaidi zinabakizwa, zilizozidiwa zinaachwa zife. Mchujo huo huendelea kwa wiki kadhaa na wakati mwingine kwa miezi. Mwisho wake hutoka makundi mawili ya seli zenye maisha marefu. Kundi la kwanza huhamia kwenye uboho, ndani ya mifupa, na kuendelea kumwaga kingamwili kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kundi la pili ni seli B za kumbukumbu, ambazo hazitengenezi kingamwili hata moja wakati wa utulivu. Huzunguka tu, na huamka pindi kirusi kinapoonekana tena. Pamoja nazo hubaki seli T za kumbukumbu, zenye kazi ya kutoa kibali upesi mara ya pili.

Inafanana na fundi cherehani anayepata kazi ya mteja mpya. Siku za mwanzo huwaita vibarua wengi, nguo zinashonwa usiku na mchana, kisha vibarua wanaondoka. Mafundi wachache hubaki wakishona kidogo kidogo, na daftari lenye vipimo vya mteja huwekwa kabatini. Anayepita dukani baada ya mwaka na kuona nguo chache zimetundikwa atasema biashara imekufa, wakati daftari lipo, na mteja akirudi kazi haitaanza kwa kumpima upya.

Kuna jambo moja hapa ambalo hupitwa kirahisi. Kingamwili ya aina inayotawala damuni, yaani IgG, hupungua kwa nusu kila baada ya takribani wiki tatu. Kwa hiyo kingamwili zinazopatikana kwenye damu ya mtu aliyechanjwa miaka kumi iliyopita haziwezi kuwa mabaki ya siku ile. Zimetengenezwa wiki au miezi michache tu iliyopita, na seli zilizomo ndani ya mifupa yake. Kwa maneno mengine, kingamwili chache zinazodumu ni ushahidi wa kiwanda kilicho hai. Na chanjo yenyewe iliondoka zamani. Wale wanaohofia kwamba virusi vilivyouawa hukaa mwilini miaka nenda miaka rudi wanachanganya kirusi na kumbukumbu ya kirusi.

Mstari unaoshuka

Watafiti wanapofuatilia damu ya waliochanjwa, mchoro wanaoupata una umbo linalojirudia karibu kila mara. Baada ya dozi ya mwisho, kingamwili hupanda sana katika wiki chache. Kisha hushuka, na hushuka vibaya: ndani ya mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya kilele inaweza kuwa imepotea. Baada ya hapo mteremko hulegea, na mstari huanza kwenda karibu sambamba na ardhi, ukishuka polepole mwaka hadi mwaka.

Anayepima miezi mitatu na kisha miezi tisa baada ya chanjo, halafu akachora mstari ulionyooka kati ya vipimo hivyo viwili, atatabiri kwamba kinga itafika sifuri muda si mrefu. Utabiri huo una kosa la msingi, kwa kuwa unachukua mteremko wa vibarua wanaoondoka na kuufanya kuwa mteremko wa mafundi waliobaki. Vichwa vingi vya habari vya mwaka 2021 vilivyotangaza kwamba kinga ya chanjo "inayeyuka" vilisomwa hivyo, na kwa maoni yangu taarifa za afya zenyewe zilichangia, kwa kutaja idadi ya miezi bila kusema ni kinga dhidi ya nini: dhidi ya kuambukizwa, dhidi ya kuugua, au dhidi ya kulazwa na kufa. Mambo hayo matatu hayafiki mwisho kwa pamoja. Kinga dhidi ya kuambukizwa hutaka kingamwili nyingi ziwe tayari pale kirusi kinapotua; kinga dhidi ya ugonjwa mkali huweza kutegemea kumbukumbu, mradi kuwe na muda wa kuiamsha.

Homa ya ini A, kichaa cha mbwa, mafua: virusi vyote vimeuawa, hatima tofauti

Mfano ulio wazi zaidi ni chanjo ya homa ya ini aina ya A, ambayo ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambayo kwa sehemu kubwa ya dunia hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa kwa formalini. Watu wazima waliopata dozi mbili wakati huo wamefuatiliwa kwa miaka 20, na zaidi ya asilimia 95 walikuwa bado na kingamwili za kutosha kupimika. Makadirio ya kihisabati yanayotokana na vipimo hivyo yanaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 watakuwa nazo hata baada ya miaka 40. Hakuna dozi za nyongeza za mara kwa mara zinazopendekezwa kwa mtu mwenye afya njema aliyekamilisha dozi mbili. Hoja kwamba kirusi kilichouawa hakiwezi kuacha kinga ndefu inakwamia hapo.

Kwa nini inadumu hivyo? Kwanza, kirusi cha homa ya ini A hakibadiliki sana. Kipo katika umbo moja linalotambulika kwa kingamwili zilezile duniani kote, na ulichojifunza mwili mwaka 1993 bado kina faida leo. Pili, ni kirusi cha mwendo wa polepole. Kuanzia siku kinapoingia hadi mtu aanze kuugua hupita wastani wa siku 28. Seli za kumbukumbu zinahitaji siku chache tu, pengine nne hadi saba, ili kuanza kumwaga kingamwili kwa wingi. Hata ikitokea kingamwili za damuni zimeshuka sana, kumbukumbu ina nafasi kubwa ya kuwahi.

Kichaa cha mbwa kinafanana na hicho kwa mwendo, ila hatari yake hairuhusu mtu kutegemea bahati. Dalili zake kwa kawaida hutokea baada ya miezi miwili hadi mitatu, ingawa zinaweza kutokea ndani ya wiki moja, na zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Tazama kinachofanyika kwa watu wawili walioumwa na mbwa mmoja. Yule ambaye hajawahi kuchanjwa husafishwa jeraha kwa maji mengi na sabuni, huanza mfululizo mzima wa chanjo, na kwa jeraha baya hudungwa pia kingamwili zilizo tayari, ndani na kando ya jeraha, kwa sababu mwili wake hauna chochote cha kuanzia na itachukua wiki moja au zaidi kabla haujatengeneza kingamwili zake. Yule aliyechanjwa kikamilifu hapo awali naye husafishwa jeraha, lakini hupewa dozi mbili tu, siku ya kwanza na siku tatu baadaye, bila kingamwili za kudungwa. Dozi hizo mbili hazimaanishi kwamba chanjo ya zamani ilikufa. Maana yake ni kwamba kumbukumbu inaaminiwa kiasi cha kuachiwa kazi, ila inaamshwa kwa makusudi badala ya kungojwa iamke yenyewe. Shirika la Afya Duniani halitaki mtu wa kawaida aliyekamilisha chanjo hii aongezewe dozi za kila mara; wanaofuatiliwa kwa vipimo ni wale ambao kazi yao huwaweka hatarini siku zote, kama wafanyakazi wa maabara zinazoshughulikia kirusi hicho.

Mafua ya msimu ni kinyume cha hayo yote. Dalili huanza siku moja hadi nne baada ya maambukizi, kwa hiyo kumbukumbu inapomaliza kujinyoosha mtu tayari yuko kitandani. Juu ya hilo kirusi hubadilisha umbo la protini zake za nje mfululizo, hadi Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari na Septemba, kupendekeza ni virusi gani viwekwe kwenye chanjo za msimu unaofuata wa kaskazini na wa kusini mwa dunia. Kingamwili za chanjo ya mafua pia hushuka ndani ya miezi ya msimu mmoja. Daftari la vipimo bado lipo, ila mteja amebadilika mwili, tena anataka nguo leo jioni.

UVIKO-19 iko upande huo wa mafua kuliko upande wa homa ya ini. Chanjo zake za virusi vilivyouawa, miongoni mwao CoronaVac, ile ya Sinopharm na Covaxin, ziliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya dharura mwaka 2021. Kingamwili zake zilishuka sana katika miezi sita hivi ya mwanzo, na mwezi Oktoba mwaka huo wataalamu wa shirika hilo walipendekeza dozi ya tatu kwa watu wenye miaka 60 na kuendelea waliopata CoronaVac au Sinopharm. Mwezi uliofuata kikatangazwa kirusi cha Omicron, chenye mabadiliko mengi kwenye protini ya miiba inayochomoza nje ya kirusi, na kingamwili zilizojifunza umbo la awali zikakinasa kwa shida. Hata hivyo mambo mawili yalionekana wazi. Dozi ya tatu ilipandisha kingamwili kwa haraka na kupita kilele cha dozi ya pili, jambo lisilowezekana kama hakuna kumbukumbu iliyosubiri. Na seli T, kwa kuwa zilifundishwa kwa kirusi kizima badala ya mwiba peke yake, zilikuwa na sehemu nyingi za kutambua, zikiwamo zile za ndani ambazo hazibadiliki upesi. Kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilishikilia vizuri kuliko kinga dhidi ya kuambukizwa.

Nisije nikaonekana kuzitetea chanjo hizi kupita kiasi, historia ina mfano wa upande wa pili. Kati ya mwaka 1963 na 1967 ilitumika nchini Marekani chanjo ya surua ya virusi vilivyouawa. Kinga yake ilikuwa fupi, na baadhi ya waliochanjwa walipokutana na surua halisi baadaye walipata ugonjwa wa namna isiyo ya kawaida, wenye homa kali, upele usiofuata mpangilio uliozoeleka, na mara nyingi nimonia. Chanjo hiyo iliondolewa, na ile ya virusi vilivyodhoofishwa ikachukua nafasi yake. Kwa hiyo kuua kirusi hakutoshi kutabiri chochote, si kwa wema wala kwa ubaya. Kila kirusi kina masharti yake. Polio nayo inaonyesha sura nyingine: chanjo ya kudungwa huacha kingamwili za damuni zinazomkinga mtu asipooze kwa miaka mingi, lakini kinga yake ndani ya utumbo ni hafifu kuliko ya matone, hata mtu anaweza kubeba kirusi na kukitoa bila yeye kuumwa.

Mtu mzima si mtoto mkubwa

Takwimu za wastani huficha tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo seli T hukomaa, huanza kusinyaa tangu ujana, na mzee wa miaka 70 ana akiba ndogo ya seli T ambazo hazijawahi kufundishwa kitu. Anaweza kukumbuka vizuri alichojifunza akiwa kijana, huku akijifunza kirusi kipya kwa taabu. Ndiyo sababu mapendekezo ya dozi ya tatu ya UVIKO-19 yalianzia kwa wenye miaka 60 na zaidi. Hata kwa chanjo ya homa ya ini A, waliopita miaka 40 huchelewa kidogo kuitikia dozi ya kwanza, lakini pengo hilo hupungua sana baada ya ya pili. Wanawake kwa kawaida hupata kingamwili nyingi kuliko wanaume. Unene uliokithiri, uvutaji wa sigara, maambukizi ya VVU yasiyodhibitiwa na dawa zinazozima kinga hupunguza mwitikio.

Kisha kuna historia ya mtu mwenyewe. Mtu aliyekulia mahali ambapo maji na vyoo ni shida huenda alipata homa ya ini A akiwa mtoto mdogo, umri ambao wengi hawaonyeshi dalili yoyote, na akabaki na kinga ya maisha bila kujua. Akichanjwa utu uzimani, sindano hiyo kwake ni ukumbusho tu.

Kuhusu nafasi kati ya dozi, imani iliyoenea ni kwamba aliyechelewa dozi ya pili amepoteza ya kwanza na inambidi aanze upya. Kwa chanjo za kinga za kawaida sivyo. Dozi ya pili ya homa ya ini A hupangwa miezi 6 hadi 12 baada ya ya kwanza, na waliorudi baada ya miaka kadhaa bado waliitikia vizuri, kwa kuwa mchujo ulioelezwa hapo juu ulishamalizika na seli zilizokomaa zilikuwa zinangoja. Hatari ya kuchelewa ni kwamba katikati mtu anaweza kukutana na ugonjwa akiwa na kinga ya nusu. Kwa upande mwingine, kukimbilia dozi nyingi zinazofuatana kwa ukaribu hakuzidishi kinga kwa kiwango hichohicho, maana kingamwili ambazo bado zimejaa damuni huinasa chanjo mpya kabla haijafika kwenye tezi. Aliyeumwa na mnyama asiitumie hoja hii: ratiba ya chanjo baada ya jeraha hufuatwa siku kwa siku.

Kipimo cha damu kinajibu swali gani

Wengi sasa hulipia kipimo cha kingamwili na kurudi nyumbani na furaha au huzuni kutokana na namba moja. Kipimo hicho huhesabu nguo zilizotundikwa dukani siku hiyo, hakifungui kabati. Seli B za kumbukumbu na seli T hazionekani humo, na kuzipima kunahitaji maabara za utafiti. Hata kingamwili zenyewe hazipimwi kwa namna moja, kwani kipimo kimoja huhesabu zote zinazogusa kirusi, kingine huhesabu zile tu zinazokizuia kuingia kwenye seli, na namba za vipimo viwili tofauti hazilinganishwi. Baadhi ya vipimo vya kawaida vya homa ya ini A vimetengenezwa ili kugundua kiwango kikubwa kinachotokana na maambukizi halisi, hivyo vinaweza kusema "hakuna" kwa mtu aliyechanjwa ambaye ana kiwango kidogo kinachotosha kumlinda. Ndiyo maana upimaji wa kawaida baada ya chanjo hiyo haupendekezwi. Pale ambapo namba ina maana ni kwenye ugonjwa ambao kiwango chake kinajulikana na kukubalika, kama kichaa cha mbwa, ambapo kizio 0.5 kwa kila mililita huchukuliwa kuwa ishara ya mwitikio wa kutosha.

Namba za miaka 20 na 40 nazo zina masharti ya kusomwa. Washiriki wa utafiti mrefu huhama, hufa au huchoka kuja kutoa damu, na wanaobaki mwishoni huenda si picha kamili ya walioanza. Mahali ambapo kirusi bado kinazunguka, mtu aliyechanjwa hukutana nacho mara kwa mara bila kuugua, na kila mkutano ni sawa na dozi isiyo na sindano, kwa hiyo kinga inayoonekana si ya chanjo pekee. Tafiti za homa ya ini A zilizofanyika katika nchi ambazo ugonjwa huo ni nadra, kama Ubelgiji, zina uzito mkubwa kwa sababu hiyo: huko chanjo iliachwa ifanye kazi yake karibu peke yake. Kwa UVIKO-19 nafasi kama hiyo imeshapita. Waliochanjwa mwanzoni mwa mwaka 2021 watatimiza miaka 20 mwaka 2041, lakini wengi wao wameshaambukizwa mara moja au zaidi, na damu yao itakapochukuliwa siku hiyo itakuwa vigumu kutenganisha kilichoachwa na sindano na kilichoachwa na kirusi.